Nyundo ya Utingo na Taa ya Dashibodi

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Tairi linalovuja polepole halina mawingu. Linakutoa Mugumu salama, linakufikisha nusu ya safari, halafu linapasuka gari likiwa kwenye mwendo. Historia hii ni ya binadamu kuyatafuta mawingu ya tairi, na damu iliyomwagika kabla hayajapatikana.

Sisi wa Machochwe, wilayani Serengeti, tunaujua mwanzo wa historia hiyo kuliko mwisho wake. Malori yanayobeba mahindi na ng'ombe yana mtambo wao wa zamani wa kutoa onyo, nao ni utingo. Gari likisimama anashuka na nyundo au kipande cha nondo, anazunguka akigonga tairi moja baada ya jingine, sikio kalitega. Tairi lililojaa linairudisha nyundo kwa mlio mkavu. Lililopungua linaimeza, bu! kama gunia. Kwa matairi pacha ya nyuma kazi hiyo ni kubwa zaidi, maana lililoishiwa upepo linabebwa na mwenzake na macho hayalioni. Mzigo wa wawili unamwelemea mmoja. Naye akichoka, ndiyo basi tena.

Tairi la upepo ni la siku nyingi. Mskoti Robert William Thomson alisajili uvumbuzi wake mwaka 1845, ukasahaulika, hadi John Boyd Dunlop alipolibuni upya kule Belfast mwaka 1887, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Upepo ulileta raha na hatari pamoja. Ukipungua, kuta za tairi hupinda na kunyooka kila linapozunguka. Kupinda huko huzaa joto, joto hulegeza mpira ulioshikana na nyuzi za ndani, mwishowe ngozi ya tairi inabanduka.

Mwaka 1986 gari la Porsche 959 lilitoka likiwa na vifaa vya kupima upepo wa matairi na kumwarifu dereva. Ilikuwa anasa ya matajiri. Kilichokuja kuieneza hakikuwa ujanja wa mafundi, bali vifo. Agosti 2000, kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, kwa sababu ngozi zake zilikuwa zinabanduka barabarani. Serikali ya huko ilihesabu vifo zaidi ya 200. Mwaka huohuo ikatungwa sheria, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na taa ya onyo. Umoja wa Ulaya nao ukafuata: tangu Novemba 2014 kila gari dogo jipya ni lazima liwe nayo.

Taa hiyo ya njano, yenye umbo la kwato na alama ya mshangao katikati, hupata habari kwa njia mbili. Ya kwanza ni kifaa kidogo chenye betri ndani ya gurudumu, kinachopima upepo na kutuma habari kwa mawimbi ya redio. Ya pili hutumia vihisi vya breki za ABS, vinavyohesabu mizunguko. Tairi lililopungua duara lake hufupika, kwa hiyo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi ili liende sawa na wenzake. Kompyuta inamshtukia. Lakini yakipungua yote manne kwa pamoja, inaweza kudanganyika.

Tena taa si malaika. Sheria ya Marekani inaitaka iwake upepo ukiwa umepungua kwa robo. Tairi la upepo 32 linaweza kushuka hadi 24 kabla hujaambiwa kitu! Betri ya kifaa nayo hufa baada ya miaka 5 hadi 10, na magari mengi tunayonunua huku ni mitumba. Taa ikipepesa kama dakika moja kisha ikabaki inawaka, ujue mtambo wenyewe ni mgonjwa. Wapo madereva wanaoibandika utepe mweusi ili isiwasumbue macho. Geji ya fundi pancha, tairi likiwa bado baridi asubuhi, ingewaambia ukweli kwa dakika tano.

Kwetu ajali ikitokea, habari huandikwa kwamba "gari lilipasuka tairi", nukta. Tunasema kazi ya Mungu haina makosa, tunazika. Wale waliolazimisha taa ile iwekwe waliendelea kuuliza: tairi lilikuwa na umri gani, lilikuwa na upepo kiasi gani, nani alilikagua? Wakaandika majibu, wakahesabu maiti, wakapeleka bungeni. Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, maswali hayo hayahitaji kiwanda wala dola. Yanahitaji mtu wa kuyauliza kabla ya arobaini ya marehemu.