Matairi ya winta au ya hali zote? Historia fupi ya ubishi wa jikoni kwetu

Wadau, niko Sherbrooke, Quebec. Leo sina habari za mitihani wala za kubeba boksi. Leo ni matairi. Najua mlioko Dar, Mombasa na Bujumbura mtacheka, maana kwetu mtu akianza kuongelea tairi ujue ni pancha, kipara au bei. Huku Kanada ya mashariki tairi ni habari ya msimu, ya sheria, na siku nyingine ni habari ya uhai. Na mnanijua mimi ni mtu wa historia. Nikiona watu wanabishana siku tatu mfululizo juu ya sufuria ya maharage, huwa najiuliza: ubishi huu ulianza lini?

Ubishi wenyewe ni huu. Mwenye gari anunue matairi maalum ya winta, ayafunge theluji ikikaribia na kuyavua ikiyeyuka? Au anunue yale yanayoitwa ya hali zote, yafungwe mara moja na kukaa kwenye gari mwaka mzima? Upande mmoja unasema tairi la winta ni bima. Upande wa pili unasema hayo ni mambo ya watu wenye hela na stoo ya kuwekea matairi.

Basi nikaingia maktaba. Hebu tuanzie mbali kidogo.

Ugomvi wa mpira na baridi umeutangulia hata umri wa gari. Miaka ya 1830 Wamarekani walivamia bidhaa za mpira kwa pupa: viatu, makoti, mifuko. Kumbe mpira mbichi ulikuwa na kigeugeu. Joto likija unayeyuka na kunuka, baridi ikija unakuwa mgumu kama ubao. Viwanda vikafilisika. Mwaka 1839 Charles Goodyear akagundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto unatulia, na hataza yake aliipata mwaka 1844. (Kampuni yenye jina lake si yake jamani. Yeye alifariki mwaka 1860, kampuni ilianzishwa mwaka 1898 na watu wengine, wakampa heshima ya jina tu.) Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo kule Belfast, akatengeneza tairi la kujazwa upepo. Kiu ya mpira iliyofuata ndiyo iliyomwaga damu Kongo enzi za Leopold II, na kaka yetu wa Bukavu hapa nyumbani asingenisamehe kama ningeiruka. Hiyo nitaiandikia makala yake.

Turudi kwenye baridi. Salfa iliutuliza mpira lakini haikumaliza ugomvi. Hadi leo tairi la kiangazi likikutana na baridi linaanza kukakamaa, na mafundi wengi hutaja nyuzi 7 za Selsiasi kama mpaka wa kuanza kufikiria kubadilisha. Hapo hata theluji haijaanguka.

Madereva wa mwanzo walikuwa na jibu rahisi: winta gari linapaki. Waliolazimika kutoka walizungushia magurudumu kamba ili yasiteleze. Mwaka 1904 Harry Weed wa jimbo la New York akapata hataza ya minyororo ya matairi. Ilifanya kazi vizuri kwenye theluji nene, lakini kwenye lami tupu ilikuwa kelele na uharibifu mtupu, tena kila mara ushuke kwenye baridi kuifunga na kuifungua.

Jibu lililobadilisha mambo lilitoka Ufini. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha mji wa Nokia (ndiyo, ndugu zake wale wa simu) kilitoa tairi la winta la malori lililoitwa Kelirengas. Mwaka 1936 likafuata la magari madogo, jina Hakkapeliitta, ambalo mpaka leo lipo madukani. Wafini walikuwa na barabara ambazo hazikusafishwa theluji, kwa hiyo walitengeneza kashata nene zenye nafasi pana, ziume theluji na kuitema. Angalieni hapo: tairi lile halikuzaliwa kwa ajili ya "winta" kwa ujumla. Lilizaliwa kwa ajili ya winta ya Ufini.

Kisha ikaja misumari. Kuelekea miaka ya 1960 nchi za kaskazini mwa Ulaya zilianza kupachika vijisumari vya chuma kwenye tairi ili vichimbe barafu. Vilichimba kweli, na barafu ikiisha vikachimba lami. Ujerumani Magharibi ikavipiga marufuku mwaka 1975. Kule Japani, kwenye miji kama Sendai na Sapporo, ilikuwa balaa: vumbi la lami liliyosagwa lilijaa hewani mpaka afya za watu zikawa mjadala wa taifa, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuzuia vumbi hilo. Wajapani wakawa na barafu bila misumari. Jibu lao mojawapo lilikuwa Blizzak ya Bridgestone, iliyotoka mwaka 1988, yenye mpira wa vitundu vidogo sana vinavyonyonya utando wa maji juu ya barafu. Huo utando ndio unaotelezesha. Ukiongeza mikato midogo midogo kama chale za mganga juu ya kila kashata, tairi linapata kingo nyingi za kushikia. Na mpira wenyewe unabaki laini hata nyuzi 20 chini ya sifuri.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa inakwenda njia nyingine. Mwaka 1977 Goodyear walitoa Tiempo, wakaliuza kama tairi la misimu yote. Watu walilipenda sana, maana nani anataka kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka? Matairi ya aina hii yakabeba herufi M+S, yaani matope na theluji. Na hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge. Alama ile ilihusu umbo la kashata na mifereji yake. Haikudai tairi lipelekwe kwenye theluji na kupimwa. Ukiambiwa "misimu yote" unadhani na Januari ya Sherbrooke imo. Haimo.

Ndiyo maana mwaka 1999 wenye viwanda wa Marekani na Kanada walikubaliana alama mpya: mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Kuipata, tairi lilitakiwa kupimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kulipita tairi la mfano kwa asilimia 10 katika kuvuta gari. Sasa kulikuwa na kipimo badala ya maneno.

Alama hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa haya ya hali zote. Msiyachanganye na ya misimu yote, ingawa majina yanafanana kama mapacha. Ya hali zote yanakaa kwenye gari mwaka mzima lakini yana ule mlima. Michelin walipotoa CrossClimate Ulaya mwaka 2015, aina hii ilipata umaarufu mkubwa. Sheria nazo zikaufuata mlima. Quebec ililazimisha matairi ya winta kuanzia mwaka 2008, ya kwanza Amerika Kaskazini, na kuanzia 15 Desemba 2014 yakatakiwa yawe na mlima au misumari. Tangu mwaka 2019 kipindi chenyewe ni kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi, na faini ni dola 200 hadi 300. Ujerumani nayo iliendelea kukubali M+S ya zamani kwa muda, ikafunga mlango huo mwisho wa Septemba 2024.

Kwa hiyo mbele ya polisi wa Quebec matairi ya winta na ya hali zote yako sawa. Mlima upo, pita. Hii ndiyo silaha kubwa ya upande wa pili jikoni kwetu: "Sheria imekubali, nyinyi ni nani?"

Lakini wadau, tuulize kile ambacho mwanahistoria huuliza kila akikuta muhuri: ulipigwa kuthibitisha nini? Kipimo kile cha Marekani kilikuwa cha kuvuta gari juu ya theluji iliyoshindiliwa. Si kusimama kwenye barafu. Si kukata kona. Umoja wa Ulaya wenyewe, kwenye lebo mpya ya matairi iliyoanza Mei 2021, umeweka alama ya barafu peke yake, mbali na ya theluji. Wangekuwa kitu kimoja, alama ya pili ingekuwa ya nini? Na mpira una mipaka yake. Tairi la hali zote lazima livumilie Julai yenye nyuzi 30 bila kulika ovyo, halafu Januari liwe laini. Ni mtu mmoja mwenye ajira mbili. Anaweza zote, ila usimwombe awe bingwa wa mojawapo.

Sasa nije nyumbani. Tuko wanne, tuna mkweche mmoja tulioununua kwa mchango, na tulikuwa na hela ya seti moja tu. Watatu tunalitumia kwenda dukani mchana, barabara zikiwa zimeshapigwa chumvi. Kura zilikuwa zinaelekea hali zote: hakuna kubadilisha, hakuna stoo. Dada yetu wa Bujumbura alikuwa kimya muda wote. Yeye anafanya kazi nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Mwishowe akasema, "Kaka zangu, nyinyi mnaendesha mchana. Mimi natoka kazini saa kumi na moja alfajiri, nateremka ule mlima wa barabara ya King kabla gari la chumvi halijapita. Mnaponunua tairi, mnanunua kwa saa ya nani?"

Kimya. Waliowahi kuuona ule mteremko wanajua. Saa hiyo pale chini hakuna theluji ya kushindiliwa, kuna barafu inayong'aa kama kioo, na mwisho wa mteremko kuna taa za barabarani.

Tukanunua ya winta. Rimu za mtumba tukazipata kwa jirani aliyekuwa anahama, hivyo kubadilisha tunafanya wenyewe kwa jeki na spana, na seti isiyo kazini inalala chini ya ngazi. Hesabu nayo si mbaya kama tulivyoogopa: seti mbili zikipokezana, kila moja inapumzika karibu nusu mwaka, kwa hiyo zinadumu zaidi.

Je, nawaambia wote mfanye hivyo? Hapana. Rafiki yangu anayesoma Vancouver amefunga ya hali zote na naona amefanya sawa. Winta yake ni mvua, siku nyingi ni juu ya sifuri, na theluji ikija haikai sana. Akivaa tairi laini la Kisherbrooke kule atalimaliza kwenye lami yenye maji bila faida. Historia yote hii inanionyesha jambo moja: kila tairi lilijibu swali la mahali fulani. Wafini walijibu theluji isiyosafishwa, Wajapani walijibu barafu na vumbi, Wamarekani walijibu uvivu wetu sote. Kabla ya kuuliza lipi bora, uliza swali lako ni lipi: baridi ya wapi, barabara ipi, saa ngapi, na nani ameshika usukani.

Kwa mnaokuja huku Septemba: tafuteni mlima wenye chembe ya theluji, msiridhike na M+S peke yake. Fungeni manne yanayofanana, si mawili. Kashata ikishuka karibu na milimita 4, usiiamini kwenye theluji hata kama sheria bado inaruhusu. Na upepo upimeni baridi ikikolea, maana unapungua wenyewe.

Haya, wenye hoja tupambane, hasa nyie wa hali zote. Mimi nakwenda kumalizia sura ya pili ya tasnifu, msimamizi ananisubiri Jumatatu. Kazi njema wadau.