Mwenye mashua ndiye mwenye ziwa

Juma hili nawaomba tufunge safari ya mbali, lakini tuanzie nyumbani, Kigoma. Wengi wenu mnaijua habari ya meli ya Liemba: jinsi Wajerumani walivyoiunda kwao, wakaifungua vipande vipande, wakavileta kwa bahari na kwa reli, kisha wakaviunga tena kando ya Ziwa Tanganyika, hata ikaingia majini mwaka 1915.

Basi, zaidi ya miaka 40 kabla ya hapo, kisa kama hicho kilikuwa kimekwisha kutokea Amerika ya Kusini. Huko liko Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, mita zipatazo 3,800 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro atanielewa vizuri: kibanda cha Horombo, pale ambapo wapandaji hulala huku vichwa vikiwauma, kiko chini kuliko uso wa ziwa hilo. Nalo si dimbwi. Lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 8,000, visiwa kadhaa, na vijiji vya Waaymara na Wakechua vilivyolizunguka tangu kale.

Serikali ya Peru iliagiza meli mbili za chuma kutoka Uingereza. Vipande vikapakuliwa kwenye pwani ya Pasifiki, vikapandishwa milima ya Andes kwa migongo ya nyumbu na mabega ya wapagazi. Kazi iliyotazamiwa kuchukua miezi sita ikala miaka. Meli ya kwanza, Yavari, iliingia majini siku ya Krismasi mwaka 1870. Kwa kuwa makaa ya mawe hayakupatikana huko juu, injini yake ililishwa mavi makavu ya llama, yule mnyama wa mizigo wa Andes.

Msomaji atasema, watu wale walikuwa mashujaa. Ni kweli. Lakini mwanahistoria ana swali moja ambalo haachi kuliuliza: chombo hicho kilikuwa cha nani, na kilibeba nini?

Mwaka 1874 reli kutoka pwani ilifika mji wa Puno, kando ya ziwa. Meli na reli vilipokutana, sufu ya nyanda za juu ikapata njia ya kwenda viwanda vya Ulaya. Bei ya sufu ilipopanda, ardhi ya malisho nayo ikawa na thamani. Mabwana wakubwa wa mashamba wakazidi kuimeza ardhi ya vijiji, na mwenyeji akajikuta mchungaji wa kondoo wa mwingine katika bonde la babu yake. Meli haikumnyang'anya mtu shamba, lakini ilimfungulia mlango mnyang'anyi.

Sasa tuvuke maji hadi kisiwa cha Taquile, upande wa Peru. Ni kisiwa kidogo cha mawe na matuta, chenye watu wapatao 2,000 wasemao Kikechua. Baada ya Wahispania kuiteka nchi hiyo katika karne ya 16, kisiwa kiliangukia mikononi mwa wageni, na baadaye serikali ikakitumia kuwafungia wafungwa wa kisiasa. Katika miaka ya 1930 wenyeji wakaanza kufanya jambo la ajabu: walichanga fedha, wakainunua ardhi yao wenyewe kipande baada ya kipande. Hebu fikiri, kununua kwa jasho lako kile ambacho hukukiuza!

Wageni wa kitalii walipoanza kufika katika miaka ya 1970, watu wa Taquile walikuwa wamekwisha kujifunza somo. Hawakungoja mtu awajengee hoteli. Waliunda mashua zao, wakawavusha wageni wenyewe, wakawagawa kwa zamu katika nyumba za familia. Vitambaa vyao wakaviuza katika duka la ushirika kwa bei moja, ili ndugu asimpunje ndugu. Huko wanaume ndio husokota kofia kwa sindano, na wanawake hufuma mikanda. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufumaji huo kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 upepo wa biashara huria uliivamia Peru, kama ulivyotuvamia sisi. Haki ya wenyeji peke yao kuwavusha wageni ikaondoka. Wakala wa mjini wenye boti za mwendo wa kasi wakaingia, wakamleta mgeni asubuhi na kumrudisha jioni. Mgeni wa namna hiyo hula chakula cha mchana, hupiga picha, huondoka. Idadi ya wageni yaweza kuongezeka huku fungu la kijiji likipungua.

Karibu na Puno wako Wauros, waishio juu ya visiwa walivyojitengenezea kwa matete yaitwayo totora. Matete ya chini huoza majini, nao huongeza mapya juu, mwaka hadi mwaka. Wakiacha, kisiwa kinazama. Lugha yao ya asili imekwisha kupotea, sasa husema Kiaymara. Na mwaka 2023, mvua ilipokuwa haba, kina cha ziwa kilishuka kupita kiasi, mashua zikakwama kwenye tope. Ziwa likikauka, hakuna mtalii wala mwenyeji.

Nami naona kisiwa cha matete ni mfano mzuri wa haki. Taquile walidhani wakishanunua ardhi kazi imekwisha, kumbe mlango mwingine ulikuwa gatini. Haki nayo huoza kwa chini, na wasioongeza matete mapya huzama.

Ndugu yangu wa Mwanza, Kigoma, Bukoba au Kisumu, utakapomwona mgeni akishuka gatini na kamera shingoni, furahi, mkaribishe. Kisha tazama nyuma yake, uulize: je, mashua iliyomleta ni ya nani?

Hadi juma lijalo, kwaherini.