Sinki la kizamani kwenye nyumba ya zamani: tazama chini kabla ya kutazama uzuri

Shangazi yangu ameolewa Matuu, Machakos. Nyumba yao ni ya mawe, imejengwa miaka ya 1970, haiko mbali na barabara ya Thika kwenda Garissa. Mwaka jana binti yake alimletea zawadi: sinki jeupe la kauri, pana, lenye kina, la mtindo wa zamani ambalo uso wake wa mbele huachwa wazi bila kufunikwa na kabati. Fundi akang'oa karo kuukuu la saruji, akaunda kabati la mbao nyembamba za kubandikwa kwa gundi, akalikalisha sinki juu yake.

Wiki ya tatu, sinki likiwa na maji na masufuria, kabati lilipinda, paipu ikachomoka, na sinki zima likaanguka. Shangazi alikuwa ametoka kwenda kuchukua mwiko. Alhamdulillahi, lililovunjika ni sinki, si mguu wake. Nilipompigia kumpa pole akaniambia: "Mwanangu, fundi alinisifia rangi tu, uzito hakunambia."

Nimeona masinki haya yakianza kupendwa na kwetu Pwani, hasa na wanaokarabati nyumba za wazee wao. Kwa hiyo leo nieleze namna ya kuchagua na kufunga, ili yaliyomkuta shangazi yasimkute mwingine.

Sinki gani hili?

Asili yake ni majiko ya Ulaya ya zamani, wakati maji yalipobebwa kwa ndoo na sinki kubwa lilikuwa mahali pa kuoshea vyombo, mboga na hata nguo. Waingereza wana aina mbili zilizopewa majina ya miji. La Belfast lina tundu la juu la kutolea maji yanayozidi. La London halina tundu hilo, na zamani kina chake kilikuwa kifupi zaidi. Husimuliwa kwamba Belfast ilikuwa na maji tele, na London ililazimika kuyabania.

Leo utayapata ya namna nne. La udongo uliochomwa kwa moto mkali na kupakwa gilasi ni gumu, halichuniki upesi, lakini ni zito na sahani ikianguka ndani yake haisalimiki. La chuma cha kuyeyushwa lililopakwa enameli ni zito pia, na enameli ikibanduka kutu huingia. La chuma kisichoshika kutu ni jepesi kuliko yote. Na la nne ni letu: la terazo, linalomwagwa papo hapo na fundi kwa saruji na chembe za marumaru, kwa kipimo cha jiko lako. Nyumba nyingi za zamani za Kenya zilikuwa nalo, na wengi tumelivunja tukidhani limepitwa na wakati.

Ukinunua lililotumika, ligonge kwa kifundo cha kidole. Likilia kama kengele ni zima. Likitoa sauti butu lina ufa. Kisha lipake chai nzito ya rangi na ulifute. Ufa mwembamba usioonekana utabaki na mstari.

Kina na bei ya maji

Matuu kuna mfereji mkubwa wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu za mahabusu wa enzi ya Mau Mau, unaoleta maji ya Mto Thika mashambani. Lakini mfereji wa shamba si mfereji wa jikoni. Kwa shangazi maji ya bomba huja na kukatika, na yakikatika hununuliwa kwa mtungi wa lita 20.

Sasa piga hesabu. Sinki lenye ndani ya sentimita 55 kwa 40, na kina cha sentimita 22, hubeba lita 48 likijaa. Hiyo ni zaidi ya mitungi miwili kwa kuosha vyombo mara moja. Kina kikiwa sentimita 14, ni kama lita 31. Mwenye maji ya shida achague lenye kina kifupi, au aweke beseni ndani ya sinki na kuoshea humo. Israfu ya maji haianzii kwenye udhu peke yake. Jikoni ndiko tunakomwaga zaidi.

Kina kina jambo jingine: mgongo. Ukingo wa juu wa sinki huwekwa kati ya sentimita 85 na 90 kutoka sakafuni. Likiwa na kina kirefu, mama mtu mzima atainama kila akiokota kijiko. Mpimie yeye mwenye jiko, usimpimie fundi.

Uzito

Sinki la udongo la upana wa sentimita 60 huweza kufika kilo 40 likiwa tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo zile lita 48 ni kilo 48. Ongeza masufuria, na mtu anayeegemea akisugua. Unazungumzia kilo 100 na ushei, juu ya kabati lile.

Kwa hiyo sinki hili lisimame juu ya vijikuta viwili vinavyoanzia sakafuni, vya mawe au matofali, kimoja kila upande, na juu yake slabu ya zege yenye vyuma, unene wa sentimita 7 hivi, iliyoachiwa nafasi ya tundu la maji. Mbao ngumu nene zinaweza kufanya kazi hiyo, lakini jikoni penye unyevu na mchwa, zege ni salama zaidi. Kabati liwe pambo, lisibebe kitu.

Wenzangu wa Mji wa Kale Mombasa na wa Lamu wasikilize hapa. Ukuta wa matumbawe na chokaa haufai kutundikwa sinki zito kwa skrubu. Ukitobolewa humung'unyuka, na skrubu hulegea taratibu bila kukuarifu. Vijikuta vya chini ndiyo njia.

Kufunga, hatua kwa hatua

1. Nunua sinki kwanza, jenga baadaye. Masinki ya udongo hujikunja kidogo tanuuni, na mawili ya aina moja huweza kutofautiana kwa milimita kadhaa. Pima lililo mbele yako.

2. Kagua paipu za zamani. Nyumba za umri huo aghalabu zina paipu za chuma zilizojaa kutu ndani. Ukibomoa ukuta, badilisha zote mara moja, na weka koki ya kufungia chini ya sinki.

3. Mwaga slabu, imwagilie maji siku 7, na mbao za chini usizitoe kabla ya wiki mbili.

4. Kalisha sinki bila gundi na ulipime kwa pima maji. Usiliinamishe, mteremko wa kupeleka maji tunduni umo ndani yake.

5. Funga paipu, jaza sinki, uache usiku kucha. Asubuhi pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, kaza upya.

6. Ndipo uzibe kwa silikoni. Saruji ikishika kauri, siku ya kulitoa utalivunja.

7. Masinki mengi ya aina hii hayana tundu la mfereji, kwa hiyo mfereji hutoka ukutani. Acha nafasi ya kuingiza ndoo chini yake.

Maji machafu

Paipu ya kutolea isipungue milimita 40, na iteremke sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Chini ya sinki lazima kiwepo kile kipande kilichopinda kinachobaki na maji kidogo. Ndicho kinachozuia harufu na mende kupanda. Kama maji yanaingia shimoni, jenga kisanduku cha kunasa mafuta kabla ya shimo. Mafuta ya mchuzi yakigandana kwenye paipu, sinki la bei gani litakusaidia?

Utunzaji

Maji ya visima vya Ukambani mara nyingi yana chumvi na chokaa, kama ya visima vyetu, na huacha utando mweupe. Kwenye sinki la udongo, siki au ndimu huutoa. Lakini kwenye terazo usithubutu: ndimu, siki na ukwaju hula marumaru na saruji. Terazo huoshwa kwa sabuni na kupakwa nta. Bizari ikimwagika, ifute papo hapo.

Shangazi hakununua sinki jingine. Alimtafuta fundi mzee wa mjini humo, akamjengea vijikuta viwili na kummwagia karo la terazo lenye kina cha kiganja. Kabla ya kumlipa alimwambia alipande na kusimama ndani yake. Mzee akapanda. Nawe usione haya kumwambia fundi wako afanye hivyo hivyo.