Bima ya Afya kwa Wote (Tanzania)

Bima ya Afya kwa Wote ni mfumo wa kisheria wa Tanzania Bara unaomtaka kila mkaazi ajiunge na skimu ya bima ya afya. Sheria yake ilipitishwa na Bunge mnamo Novemba 2023.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika vituo vya serikali yalitolewa bure. Mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara zilipigwa marufuku, zikaruhusiwa tena 1991. Uchangiaji wa gharama ulianza 1993. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijaribiwa wilayani Igunga, kisha ukapata sheria yake 2001, mwaka ambao Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianza kazi ukiwalenga kwanza watumishi wa umma. Muswada wa bima kwa wote wa 2022 uliondolewa bungeni kufuatia mjadala kuhusu ulazima wa kujiunga na chanzo cha fedha za kuwagharamia wasio na uwezo.

Mkoa wa Mtwara unaonyesha jinsi kipato cha msimu kinavyoathiri uchangiaji wa bima: kutoka Newala hadi vijiji vya mdomo wa Mto Ruvuma, kaya nyingi hutegemea korosho na uvuvi. Malipo ya korosho huja kwa msimu, kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, hivyo uwezo wa kaya kulipa michango ya bima hufuata mauzo. Mkoani humo, huduma za rufaa hutolewa na Hospitali ya Mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Hospitali ya Ndanda, iliyoanzishwa na watawa Wabenediktini, huhudumia upande wa Masasi.