Mpiga Kinanda wa Miaka 18

Kijana anapoketi kwenye kinanda mbele ya usharika kwa mara ya kwanza, vidole hutetemeka. Hapa Moshono tunao vijana wa namna hiyo. Historia ya Walutheri inatukumbusha mmoja wao.

Mwaka 1703 Johann Sebastian Bach, akiwa na miaka 18, alikikagua kinanda kipya cha kanisa moja la Arnstadt, Ujerumani, kisha akaajiriwa kukipiga. Mwaka 1706 wakuu wa kanisa walimwita wamhoji. Alipewa ruhusa ya wiki nne kwenda Lübeck, akakaa karibu miezi minne. Tena alitia sauti ngeni nyingi katika nyimbo, hata washarika wakachanganyikiwa.

Malalamiko hayo yalikuwa na haki. Kinanda cha ibada huwabeba waimbaji. Si onyesho la mpigaji. Hata hivyo walimwonya bila kumfukuza. Baadaye, kuanzia 1723 hadi kufa kwake 1750, alitumika Leipzig, na mwishoni mwa kazi zake nyingi aliandika herufi S.D.G., yaani utukufu kwa Mungu peke yake. Misioni ya mji huohuo ndiyo iliyofika Ilboru mwaka 1904.

Basi wapendwa, kijana wetu akikosea Jumapili, tusigeuke kumkodolea macho. Tuendelee kuimba, sauti zetu zimbebe mpaka aupate wimbo tena. Mwenye neno la kumwonya amngoje nje baada ya ibada, amwambie kwa upendo.