Ndege Anayemwita Binadamu

Mwaka 1588, mmisionari Mreno João dos Santos alikuwa Sofala, mji wa pwani ya Msumbiji ambao kwa karne nyingi ulikuwa umepitisha dhahabu ya bara kwenda Kilwa. Kanisani kwake akaona jambo la ajabu: ndege wadogo waliingia na kudonoa nta ya mishumaa altareni. Akaandika kuwahusu, na akaandika pia kwamba ndege hao, wakiona nyuki porini, humtafuta mtu, humpigia kelele, kisha huruka mti hadi mti mpaka wamfikishe kwenye asali. Kitabu chake kilichapwa Ureno mwaka 1609. Huko Ulaya ilikuwa habari mpya. Warina asali wa bara walikuwa wameijua tangu mababu.

Ndege huyo kwa Kiswahili huitwa mlembe. Kwa sura hana makuu: mwili wa rangi ya udongo, mkia wenye weupe pembeni. Mwaka 1777 msafiri wa Uswidi, Anders Sparrman, aliyekuwa ametembea sehemu za Rasi ya Tumaini Jema, alimwandikia maelezo ya kisayansi, na kutokana naye mlembe akapata jina la Kilatini linalomaanisha mwonyeshaji. Sparrman alisimulia pia kwamba mlembe humwongoza nyegere kama anavyomwongoza mtu. Simulizi hilo limerudiwa vitabuni kwa zaidi ya karne mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliowahoji warina asali karibu 400 katika nchi tisa za Afrika, ulikuta kwamba wengi wao hawaliamini, ingawa katika baadhi ya jamii za Tanzania, Wahadzabe wakiwemo, wapo wengi wanaosema wamejionea. Mimi siko tayari kuwapinga watu waliokulia porini.

Lakini kwa mtu, hakuna shaka tena. Na hapa ndipo jambo hili linaponigusa. Wanyamapori karibu wote wamejifunza jambo moja kuhusu binadamu, nalo ni kumkimbia. Swala hukimbia, na simba mwenyewe akisikia sauti za watu mara nyingi huondoka. Mlembe huja. Anatua kwenye tawi juu ya kichwa chako, anapiga kelele kama mtu anayetikisa kiberiti, na asipojibiwa anarudi tena. Hajafugwa wala hajafundishwa na mtu. Ana shida, na ameona kwamba wewe ndiye unayeweza kuitatua.

Shida yenyewe ni nta. Mlembe ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kuisaga nta tumboni, na hula pia majana, yaani watoto wa nyuki. Macho yake hujua nyuki walipo, lakini wamejificha ndani ya mti au mwamba, na wana miiba. Binadamu ana moto, moshi na shoka, ila hajui mti upi. Kila mmoja ana nusu ya ufunguo.

Kwa muda mrefu wanasayansi walikuwa na masimulizi tu, si vipimo. Aliyeleta vipimo ni Mkenya, Hussein Adan Isack, aliyefanya kazi na Heinz-Ulrich Reyer miongoni mwa Waborana katika nyika kavu za kaskazini mwa Kenya. Walichapisha matokeo yao mwaka 1989. Waborana walikuwa wakidai kwamba wanaweza kumsoma ndege: akitoweka muda mrefu baada ya kukutana nawe mara ya kwanza, nyuki wako mbali, akianza kutua karibu karibu na chini chini, mmekaribia. Isack na mwenzake wakawafuata kwa saa na ramani. Madai hayo yote yakasimama. Warina asali katika eneo wasilolijua walihitaji kwa wastani saa 8.9 kupata nyuki bila ndege. Wakiwa naye, saa 3.2. Upande wa pili wa mizani ndio uliowashangaza wengi: asilimia 96 ya viota vya nyuki walivyovichunguza, mlembe asingeweza kuvifikia kabla mtu hajavifungua.

Waborana nao humwita ndege. Wana mluzi wao, fuulido, unaopulizwa kwa viganja vilivyofumbatwa, kwa kombe la konokono au kwa koche lililotobolewa, na sauti yake hufika zaidi ya kilomita moja. Kwa hiyo wito ni wa pande mbili, na ni nadra sana kusikia habari ya namna hiyo kati ya mtu na mnyama wa mwituni.

Tuwageukie sasa Wayao. Katika hifadhi ya Niassa, ng'ambo ya mto Ruvuma upande wa Msumbiji, Wayao hawapigi mluzi. Hutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno mfupi, kitu kama "brrr-hm". Ukiwauliza kwa nini sauti hiyo, husema walijifunza kwa baba zao. Mtafiti Claire Spottiswoode, pamoja na Keith na Colleen Begg, walipima nguvu ya wito huo na kuchapisha mwaka 2016. Mtu akitembea huku akitoa sauti nyingine za kawaida, mlembe alijitokeza kumwongoza kwa asilimia 33 hivi ya safari. Akitoa wito wa Kiyao, asilimia 66. Nafasi ya kuishia kwenye nyuki ikaongezeka mara tatu.

Kisha likaja swali zuri zaidi: je, ndege wa Wayao angemwelewa Mhadzabe? Katika vilima vya Kidero, karibu na ziwa Eyasi nchini Tanzania, Wahadzabe humwita kwa mluzi wa kupandisha na kushusha, wenye ladha ya wimbo. Spottiswoode na mtafiti mwenzake Brian Wood walipiga rekodi za sauti zote mbili katika sehemu zote mbili, na mwaka 2023 wakaeleza walichokiona. Ndege wa Kidero waliuitikia mluzi wa Kihadzabe takribani mara tatu zaidi ya wito wa Kiyao. Ndege wa Niassa waliuitikia wito wa Kiyao takribani mara mbili zaidi ya mluzi. Mlembe hujifunza lugha ya watu wa kwao.

Na malipo? Karibu kila mahali barani kuna onyo: usipomwachia ndege sehemu yake, safari nyingine atakupeleka kwa simba au kwa nyoka. Wapo wanaoliita hilo ushirikina. Mimi naona ni elimu ya nafsi ya hali ya juu. Mtu aliyeshiba asali hana sababu ya kumkumbuka ndege mwenye uzito wa gramu hamsini. Hofu ya simba humkumbusha. Deni ambalo hakuna hakimu wa kulidai likapata mdai.

Hata hivyo watu hawalipi sawa. Wayao huchukua vipande vya masega na kuvitandika juu ya majani mabichi, palipo wazi, ili ndege avione. Wahadzabe mara nyingi hufanya kinyume: hukusanya nta iliyobaki, huifukia au huichoma, kwa hoja kwamba ndege mwenye njaa ataendelea kuongoza. Wood na wenzake, walioandika juu ya Wahadzabe mwaka 2014, walikadiria kwamba mlembe huwasaidia kupata kati ya asilimia 8 na 10 ya chakula chao chote. Wanamtegemea hivyo, na bado wanambana. Msomaji anaweza kuona ni ukatili. Lakini Mhadzabe aliyepanda mbuyu kwa mambo aliyoyapigilia shinani, moshi machoni na nyuki usoni, anamfahamu mlembe kwa undani kuliko yeyote kati yetu anayempenda kwa kumtazama kwenye picha. Yeye na ndege wanabishana juu ya bei. Watu hawabishani bei na asiyekuwepo.

Sisi wa mjini tumefundishwa namna nyingine ya kukutana na mwitu. Mtoto wa shule hupelekwa mbugani, hukaa ndani ya basi, huambiwa asishuke na asipige kelele. Ni sawa kwa usalama wake. Lakini anarudi nyumbani akiwa amejifunza kwamba pori ni kitu cha kuangaliwa, na kwamba humo hakuna kiumbe mwenye haja naye. Mrina asali wa Niassa amelelewa akijua kwamba kuna mmoja anayemhitaji.

Uhusiano huu unafifia. Herbert Friedmann, Mmarekani aliyeandika kitabu kizima juu ya ndege hawa mwaka 1955, alikwisha kuona kwamba watu wanapoacha kurina asali, desturi ya ndege kuongoza nayo hupungua. Sukari ya dukani imechukua nafasi ya asali. Mizinga imesogezwa karibu na nyumba. Na katika hifadhi nyingi za taifa, ambako milembe bado ni wengi, mrina asali haruhusiwi kuingia. Katika sehemu nyingi za bara hili mlembe sasa huita, na anayepita chini yake hudhani ni kelele tu za ndege.

Jike la mlembe hutaga katika kiota cha ndege wengine, mara nyingi kwenye tundu ardhini au mtini. Kinda hutoka yaini akiwa kipofu, ana ndoano kwenye ncha ya mdomo, na kwa ndoano hiyo huwaua watoto wa mwenye nyumba gizani. Analelewa na wazazi wasio wake, ambao hawajawahi kumwongoza mtu popote. Hakuna wa kumwambia kwamba kuna viumbe wa miguu miwili wenye moto. Kisha siku moja anatoka kwenye tundu, kifua chake bado cha manjano ya utoto, anajifunza kuruka. Na baada ya muda, akimwona mtu wa kwanza njiani, anatua kwenye tawi lililo karibu naye na kuanza kumwita.