Sentensi moja iliyoleta dawa ya malaria

Wadau, ukimeza dawa mseto ya malaria, ujue kuna mtu aliandika. Karne ya 4, Mchina Ge Hong aliagiza mwenye homa aloweke artemisia, jamii ya pakanga, kwenye maji, aikamue, anywe. Mwaka 1971 mtafiti Tu Youyou aliisoma sentensi hiyo akashtuka: mbona hakuna kuchemsha? Timu yake ilikuwa ikitumia moto, na joto huharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo. Panya wenye malaria wakapona. Mwaka 2015 mama huyo akapata Tuzo ya Nobel.

Tujiulize: bibi zetu wanaijua miti mingapi, na nani anaandika? Mzee akizikwa, “usichemshe, loweka” inazikwa naye.